Mengineyo
Mhadhara kwa wanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu, Tabora



Nilipoalikwa kuzungumza nanyi, aliyenipigia simu aliuliza mhadhara utaitwaje. Nikamjibu, "Mengineyo." Akanyamaza, akisubiri nimalizie. Alidhani natamka ajenda ya mwisho na kwamba kichwa chenyewe kinakuja. Nikamwambia hicho ndicho.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao katika nchi hii anaujua mpangilio. Kufungua kikao. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Kisha jambo lenyewe lililowatoa watu shambani. Halafu, jua limeshaelekea kuzama, watu wanapapasa ndala zao na kina mama wanawafunga watoto mgongoni, mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo. Nimesoma mihtasari ya vijiji kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu humu ndani. Ukitaka kujua wananchi walisema nini hasa juu ya ardhi yao, ushauri wangu ni mmoja: anza kusoma kutoka chini.

Leo nitalisema hilo kwa kutumia kumbukumbu za mradi mmoja wa jirani zetu wa kaskazini. Mradi huo ni HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004. Nimeuchagua kwa sababu ni mradi uliofanikiwa, na mradi uliofanikiwa ndio unaompa mtunza kumbukumbu taabu. Ukishindwa, kila mtu anataka kuona majalada ili ajue nani wa kulaumiwa. Ukifanikiwa, watu huridhika na hadithi fupi inayosema kwamba wananchi walishirikishwa, miti ikarudi.

Kweli, miti ilirudi. Lakini ilikuwa imeondoka vipi?

Shinyanga haikuzaliwa mbuga tupu. Sehemu kubwa ilikuwa pori la miombo na migunga, na humo mlikuwa na mbung'o. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya mtaalamu wake Charles Swynnerton, ilianza kampeni ya kufyeka pori ili mbung'o akose kivuli cha kuishi. Watu walitolewa kwa maelfu, kupitia kwa watemi wao, na Shinyanga ya Kale ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini mashoka hayakufa naye. Baadaye ikaja pamba, ikaja migodi, watu na ng'ombe wakaongezeka, na kuni zikaendelea kutafutwa mbali zaidi kila mwaka. Atakayefungua ripoti za ufyekaji ataona hesabu mbili zikitunzwa kwa uangalifu: watu waliotoka kufanya kazi, na ukubwa wa eneo lililosafishwa. Kuitikia wito wa mtemi kulitosha kuhesabiwa kuwa ni kukubali. Ushirikishwaji, tukitaka kuuita hivyo, ulipimwa kwa vichwa.

Mwaka 1947 ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Huo ulikuwa mpango wa mazingira wa kanda nzima kabla neno mazingira halijapata wizara. Ulikuwa na kanuni za idadi ya ng'ombe, kanuni za kufunga matuta, kanuni za samadi, na asiyetii alitozwa faini kupitia serikali za wenyeji. Upinzani ulikua pamoja na TANU na vyama vya ushirika, na mwaka 1958 Geita ikalipuka kwa maandamano. Mwisho wa muongo ule kanuni nyingi ziliachwa. Mtunza kumbukumbu akipita humo anakutana na jambo la ajabu kidogo: sauti ya mkulima wa Kisukuma imehifadhiwa vizuri zaidi katika orodha za faini kuliko katika ripoti za maendeleo. Mtu aliyetozwa faini ana jina, ana kijiji, na kosa lake limetajwa. Mtu aliyekubali ni sehemu ya jumla tu.

Wakati huohuo Hans Cory, Mzungu wa asili ya Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali, alikuwa akizunguka akiwauliza wazee sheria na desturi zao. Kitabu chake juu ya sheria za Wasukuma kilitoka 1953, na karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zipitieni siku moja. Mtaona serikali ileile ikitumia mkono mmoja kuandika desturi na mkono wa pili kuzifuta.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 sitaikalia sana, maana mnaijua kutoka kwa babu na bibi zenu. Niseme tu kwamba mtu akihamishwa kutoka kwenye boma lake, hahami na nyasi alizozifungia nyuma ya nyumba.

Na hizo nyasi zilizofungiwa ndizo kiini cha mazungumzo ya leo. Kwa Kisukuma zinaitwa ngitili. Mvua za kwanza zinapoanza, mwenye boma anachagua kipande cha ardhi na kukifunga. Hakiwekei senyenge, anakifunga kwa neno, na kila jirani anajua. Nyasi zinasimama humo masika yote hakuna mnyama anayezigusa. Ikifika Julai au Agosti, kwingine kote pamebaki vumbi na makapi, ngitili inafunguliwa: kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na wazee wasioweza kutembea mbali, na maksai watakaolima msimu ujao. Na kwa kuwa pale hapakanyagwi wala hapachomwi moto, visiki vilivyokuwa vimelala ardhini vinachipua. Mkulima alikuwa akitunza malisho, na pori likajirudisha humo lenyewe.

HASHI haikuanza na ngitili. Miaka ya mwanzo ilianza kama miradi mingi ya wakati ule: vitalu vya miche, miti ya kigeni inayokua haraka, mabwana miti wenye pikipiki. Wananchi walipokea miche kwa adabu. Sehemu nyingine haikupandwa, sehemu nyingine ilipandwa ikafa. Hatua kwa hatua wataalamu wakagundua kwamba wenye ardhi walikuwa na njia yao, wakaanza kuwauliza badala ya kuwaambia. Wendelin Mlenge, aliyekuwa kiongozi wa mradi, ameandika kitabu juu ya ngitili, na ndani yake mtu anaona mgeuko huo. Norway ilitoa fedha. Watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF kutoka Nairobi wakajiunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipomalizika zilikadiriwa kuwa si chini ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Angalieni nilivyosema: zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Zile hekta 600 za mwanzo ni hesabu ya kile kilichoandikwa. Mzee aliyekuwa na ngitili yake ya hekta mbili nyuma ya boma, ambaye hakuna aliyemuuliza, hakuwamo. Kwa hiyo sehemu ya ukuaji ule ni ukuaji wa miti, na sehemu nyingine, sijui kubwa kiasi gani, ni ukuaji wa karatasi. Hilo haliondoi sifa ya mradi, ila linatukumbusha sisi wa masijala kwamba kalamu nayo hupandisha takwimu.

Sasa karatasi zenyewe ziko wapi, na zinasema nini?

Ziko tabaka tatu, na kila tabaka lina lugha yake. La juu kabisa ni ripoti kwa wafadhili, za Kiingereza, zilizofungwa vizuri, zenye nakala Dar es Salaam, Nairobi na Oslo. Hizo hazitapotea. La kati ni majalada ya ofisi ya mradi na ya wilaya: barua, ratiba za safari, fomu za mafuta ya gari, taarifa za robo mwaka, Kiswahili na Kiingereza vinapishana humo kama watu wa foleni mbili. La chini ni la kijiji, nalo ni Kiswahili kitupu kilichoandikwa na mtu aliyesikia Kisukuma kwa masaa matatu.

Tabaka la chini ndilo lililo hatarini, nami nililikuta kwa karibu katika kijiji kimoja cha upande wa mashariki wa mkoa wa zamani wa Shinyanga. Jina lake nitalihifadhi. Mtendaji alikuwa kijana mpole, mgeni pale kwa miezi michache. Alitoa chini ya meza boksi la sabuni ya mche, akalipiga ubavuni kwa kiganja ili mende watoke kwanza. Ndani mlikuwa na kaunta buku tano za kwaya tatu, mbili zikiwa zimeliwa na mchwa pembeni kwa mkato wa mviringo, kama mtu aliyeng'ata andazi. Chini kabisa palikuwa na karatasi za manila zilizokunjwa mara nne.

Karatasi zile za manila ndizo zilizonifanya nikae chini. Wataalamu wa tathmini shirikishi walikuwa na mtindo wao: wanakijiji wanachora ramani ya kijiji chao ardhini, kwa vijiti, majivu, punje za mahindi na mawe. Punje ni kaya, jiwe ni shule, mstari wa majivu ni mto. Kisha kijana mwenye mwandiko mzuri anainakili kwenye manila kwa kalamu za rangi. Nilikuwa naishika nakala hiyo. Kijani kilikuwa kimefifia na kuwa njano ya kikohozi, na penye mikunjo karatasi ilikuwa imetoboka, kwa hiyo katikati ya kijiji, pale mikunjo inapokutana, palikuwa na tundu. Hakuna kabati la serikali linaloweza kulaza karatasi ya ukubwa ule bila kuikunja. Tumetengeneza mafaili ya kutunza barua, kisha tukawaomba wananchi watupe maoni yao kwa umbo ambalo haliingii kwenye faili.

Nikafungua daftari. Mkutano mkuu wa kijiji, miaka ya mwanzo ya tisini. Mahudhurio yalijaza kurasa nne, majina na sahihi, na penye wasiojua kuandika pana alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Ajenda ya nne: kutenga eneo la ngitili ya kijiji. Muhtasari wake ulikuwa mistari mitatu, kwamba wajumbe walijadili kwa kina na kupitisha kwa kauli moja. Nikageuza ukurasa. Chini ya mengineyo katibu aliandika kwamba mama mmoja aliuliza, wale wasiokuwa na ng'ombe watafaidika na nini. Mwenyekiti alijibu kwamba swali ni zuri na litajibiwa kikao kijacho.

Nikatafuta kikao kijacho. Yatokanayo: hakuna.

Vijana wangu, nimeona majalada ya siri, nimeona barua za mawaziri, lakini sijui kama nimewahi kusoma neno zito kama lile "hakuna".

Swali la yule mama lilikuwa swali lenyewe hasa. Ngitili ni benki ya malisho. Asiye na mifugo anafungiwa ardhi ambayo jana alikuwa akikata kuni na kulimia viazi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa mtu mwingine kuliuliza tena kwa sauti inayosikika. Mwaka 2004 timu ya wachumi na wataalamu wa misitu ikiongozwa na Gerald Monela ilipima faida za ngitili kaya kwa kaya: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, uyoga, dawa, matunda, maji. Walikuta thamani yake kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Walikuta hasara pia, maana pori likirudi fisi na ndege waharibifu hurudi nalo, kiasi cha dola 63 kwa kaya kwa mwaka. Na walikuta kwamba wenye mali ndio wenye ngitili kubwa, na kwamba wasio nazo hununua au hukodi malisho.

Yule mama basi alijibiwa: ndiyo, unafaidika, ila si sawasawa na mwenzako. Wachumi walimjibu bila kujua kwamba alishauliza. Lile daftari lingekuwa limefika wilayani, likasomwa na mtu anayeanza kutoka chini, swali lingeweza kuingia kwenye sheria ndogo badala ya kuingia kwenye utafiti.

Nilikwenda kwa mzee mmoja niliyeambiwa kwamba alikuwepo siku ile. Nikamwamkia, nikakaribishwa kigoda, nikamuuliza kama kweli walipitisha kwa kauli moja. Alicheka. Akasema walibishana tangu ng'ombe wanatoka kunywa maji hadi wanarudi zizini, kwa Kisukuma, na wengine waliondoka kwa hasira wakarudishwa njiani. "Lakini mwisho tulikubaliana," akasema. "Sasa mlitaka aandike nini?"

Jibu hilo limenisumbua kuliko nilivyotegemea. Mimi nilikuwa nimeshaandaa lawama dhidi ya maneno "kwa kauli moja", nikiamini kuwa ni unafiki wa kiofisi. Lakini Wasukuma wana baraza lao, dagashida, ambalo kazi yake ni kuzungumza hadi mwafaka upatikane, na hapo ndipo hukumu inapata nguvu. Kwa mzee yule, kauli moja haikuwa uongo. Ilikuwa matokeo ya mchana mzima wa kazi. Lililokosekana kwenye daftari ni ule mchana. Katibu aliandika kwamba mtoto amezaliwa, bila neno juu ya uchungu.

Na kuna jingine. Miaka mingi nimewasema makatibu wa vijiji kwa kuandika "mwananchi mmoja" na "mama mmoja" badala ya majina. Niliwaita wavivu, tena nimefundisha hivyo darasani. Mpaka siku moja katibu mstaafu wa kijiji kingine aliniuliza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kama najua daftari lile lilikuwa likipelekwa kwa nani. Mtu aliyepinga mpango wa serikali akiandikwa jina, jina hilo linapanda pikipiki kwenda tarafani. "Mama mmoja" ilikuwa ni shuka aliyofunikwa. Sijapata tiba ya hili. Nikitaka jina ili historia imjue, namwondolea shuka. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba sheria yetu ya kumbukumbu ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30, na muda huo una maana: mwenye jina awe amezeeka au ametangulia kabla hatujamsoma. Mchwa, bahati mbaya, hawaijui sheria hiyo. Majalada ya mwanzo ya HASHI yalishatimiza miaka 30 tangu 2016, na sehemu yake imeshasomwa yote, na wao.

Turudi kwenye lugha, maana hapo mtakutana na kazi yenu ya kila siku. Neno ngitili katika karatasi za mradi limeandikwa kwa namna ambazo mtu asiyejua atadhani ni vitu tofauti. Kuna ngitili na kuna ngitiri. Kuna hifadhi ya malisho, eneo lililofungwa, eneo la hifadhi, msitu wa kijiji. Katika ripoti za Kiingereza limegeuzwa neno la kawaida la uzio, ingawa uzio ndio kitu pekee ambacho ngitili haina. Mtafiti akitafuta kwa jina moja atapata robo ya habari na kuandika kwamba habari ni chache. Nani mwenye kosa? Aliyeandaa orodha. Ninapotembelea masijala siku hizi naomba kwanza nione faharasa. Nikikuta neno limewekwa kwa tahajia moja ya mjini, najua aliyeliweka hakutoka nje ya chumba.

Kwa masijala, Kondoa kulikuwa rahisi zaidi kuliko Shinyanga. HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika nyanda zilizomomonyoka za Irangi kwa amri. Uoto ulirudi huko pia, wala sitaki mtu aseme niliubeza. Amri ina faida moja kwa mtunza kumbukumbu: karatasi moja inatosha. Ni mazungumzo ndiyo yanayokula makabati.

Wenzetu wa vyuo vikuu wanapenda ngazi ya Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika mwaka 1969 kwamba ushirikishwaji una vipandio 8, kuanzia kudanganywa hadi kushika hatamu. Ni ngazi nzuri. Tatizo langu nayo ni dogo, la kiofisi: ili uujue mkutano fulani ulikuwa kipandio cha ngapi, inakubidi ujue kilichosemwa mkutanoni, na kilichosemwa kimebaki kwenye boksi la sabuni.

Sasa tuje kwa mrithi wa mradi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. HASHI ilipomalizika 2004, kazi yake iliendelezwa na kituo cha NAFRAC palepale Shinyanga, kwa hiyo ilikuwa na bahati ya kuwa na mtoto. Miradi mingi hufa tasa. Niliwahi kushuhudia makabidhiano ya mradi mmoja, si huu, na mahali pake sipataji. Orodha ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Pikipiki kila moja na namba ya chasisi. Viti, vikitofautishwa vyenye mikono na visivyo na mikono. Feni la mezani, bovu. Mwishoni kabisa, kabla ya sahihi, mstari mmoja: majalada mbalimbali. Miaka ya mikutano ya watu ikawa na uzito mdogo kuliko feni bovu, ambalo angalau lilielezwa hali yake.

Na hata palipo na mrithi, mipaka inahama. Mwaka 2012 Shinyanga ya HASHI ilikatwa. Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia mkoa mpya wa Simiyu. Bukombe ikaenda Geita. Watu wakapata makao makuu karibu, jambo jema. Lakini jalada la ngitili za Meatu lililofunguliwa katika ofisi ya mkoa wa Shinyanga mwaka 1990 ni la nani leo? Kanuni yetu ya asili ya kumbukumbu inasema libaki kwa aliyeliunda. Mwananchi wa Meatu mwenye kesi ya mpaka anasema libaki karibu na ardhi inayozungumziwa. Nimeifundisha ile kanuni miaka yote na bado naiheshimu, lakini siku nilipomkuta mtu amesafiri na nauli ya kuazima kufuata nakala ya ukurasa mmoja, niliona aibu kuitamka mbele yake.

Maana hizi si karatasi za historia tu. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha mpango wa matumizi ya ardhi, na muhtasari ndio ushahidi kwamba uliupitisha. Ngitili iliyotengwa mwaka 1991 kwa daftari, na mpaka wake ukatajwa kuwa mgunga mkubwa wenye mzinga, inaweza leo kuwa na mnunuzi kutoka mjini, mjukuu anayetaka shamba na halmashauri inayotaka kujenga soko. Mgunga haupo. Mzinga haupo. Lipo daftari, kama lipo.

Mnisamehe, wengi wenu mnasubiri nizungumzie kompyuta. Kuchanganua madaftari kwa mashine ni kuzuri, nami nimeshiriki. Nimeona pia namna kunavyofanyika vibaya: gari linakuja, madaftari yanapakiwa kwenda wilayani, yanapigwa picha, picha zinawekwa kwenye diski, diski inawekwa kwenye droo, madaftari hayarudi. Kijiji kilichokuwa na boksi la sabuni sasa hakina hata boksi. Nikiulizwa, nataka kinyume chake: daftari libaki kijijini ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, picha ndizo zisafiri, na faharasa iandaliwe na mtu anayejua Kisukuma, ikiwa na safu yake ya mengineyo. Sanduku la bati mafundi wa sokoni wanalitengeneza kwa siku moja.

Siku ile kijijini, nilipomaliza kusoma, mtendaji alinisogezea kitabu cha wageni. Kilikuwa kikubwa, jalada gumu jekundu, kimefunikwa kwa plastiki, na hakikuwa na alama hata moja ya mchwa kwa sababu kilikaa juu ya meza, si chini yake. Nikaandika jina, ninakotoka na sababu ya kufika. Kisha, mazoea ya kazi, nikafunua nyuma. Walikuwamo wote: mabwana miti, wakuu wa wilaya, watafiti, wageni kutoka ng'ambo, mmoja mmoja kwa cheo na sahihi yake, tarehe haijaruka hata moja, na kwenye safu ya maoni kila mmoja alikuwa ameandika kwamba amefurahishwa na mwamko wa wananchi. Nikamuuliza kijana kama naye mwananchi wa kijiji akija ofisini huandika humo. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza lugha ngeni.

"Hapana, mzee," akasema. "Hicho ni cha wageni."